Mama Hatajwi: Nasaba, Kufu na Siri za Nyumba katika Mji wa Lamu

Mwalimu anayefundisha Utendi wa Mwana Kupona hufika mahali ambapo mama anamuusia bintiye asitangamane na watumwa isipokuwa kwa sababu ya kazi. Aghalabu mwalimu huitaja nasaha hiyo kwa haraka, akaiweka chini ya maudhui ya utabaka, kisha akaendelea na mawaidha kuhusu mume, usafi wa nyumba na heshima kwa wakubwa. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza swali ambalo halikuwa katika mwongozo wowote: "Mwalimu, hao watumwa baadaye walikwenda wapi?"

Nilimjibu kwamba waliachiliwa huru. Jibu hilo ni sahihi, na halitoshi. Utendi ulitungwa mwaka 1858 katika eneo la Pate na Siyu, na mtunzi wake alifariki karibu mwaka 1860. Utumwa haukukomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Waliokuwa watumwa hawakupanda majahazi wakarudi kwao kwa Wayao, kwa Wamakua, kwa Wanyasa au kwa Waoromo. Wengi wao walibaki palepale walipokuwa. Waliolewa, wakaoa, wakazaa, wakabadilisha majina, na wajukuu wao wamo miongoni mwetu. Makala haya yanajaribu kulijibu swali la mwanafunzi yule kwa kuutazama mji mmoja mdogo, Lamu, na jinsi mji huo ulivyojifunza kunyamaza. Nadhani mwalimu wa fasihi anaihitaji historia hii zaidi hata ya mwalimu wa historia, maadamu katika kazi zetu za pwani lile lisilosemwa ndilo mara nyingi linaloendesha hadithi.

Mji na nyumba zake

Lamu ni mji ambao mtu anaweza kuutembea kutoka mwisho hadi mwisho kwa muda mfupi. Upande wa kaskazini kuna Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe za waungwana. Upande wa kusini kuna Langoni, ambako kwa muda mrefu nyumba nyingi zilikuwa za udongo na makuti, na ambako wageni walifikia: Wabajuni, Wahadhrami, Wangazija, na baadaye watumwa walioachiliwa. Mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na tangu hapo watalii wamepiga picha za milango yake ya nakshi kwa maelfu. Ni wachache wanaouliza ni nani aliyeyabeba yale mawe ya matumbawe kutoka baharini.

Nyumba ya kiungwana ilijengwa ili isionekane ndani. Mgeni alipokelewa kwenye daka, nje ya mlango. Waliokaribia zaidi waliingia kiwandani. Baada ya hapo palifuata msana wa chini, msana wa juu na hatimaye ndani kabisa, chumba cha wanawake, palipozaliwa watoto na kuoshewa maiti. Baina ya nyumba na nyumba, juu ya kichochoro, palijengwa wikio ili wanawake wa ukoo mmoja wapite bila kuteremka njiani. Mwanamke wa kiungwana alipolazimika kutoka, alitembea ndani ya shiraa, hema la kitambaa lililoshikwa kwa miti na wajakazi waliotembea kandokando yake. Mwanamke aliyefichwa ndani ya shiraa alihesabiwa kuwa na heshima. Aliyeishika shiraa uso wake ukiwa wazi hakuwa na ya kuhesabiwa. Basi hata kabla hatujazungumzia siri za nasaba, tunaona kwamba katika mji huu kufichika kulikuwa haki ya wenye cheo.

Utajiri uliozijenga nyumba hizi, hasa katika karne ya 19, ulitoka kwa sehemu kubwa bara ya pili, katika mashamba ya Hindi, Mkunumbi, Mpeketoni na kwingineko, yaliyolimwa na watumwa. Mtama na ufuta vilisafirishwa hadi Uarabuni. Waliolima waliletwa kwa majahazi, wengi wao wakipitia Kilwa na Unguja, na wengine walitekwa kaskazini. Walikuwa na daraja zao. Mtumwa mjinga ni yule aliyeingia karibuni, asiyejua lugha wala dini. Mzalia ni yule aliyezaliwa utumwani hapohapo, akaijua lugha na adabu za mji pengine kumshinda bwana wake. Nokoa alikuwa msimamizi wa shamba. Mjoli ni mtumwa mwenzako wa bwana mmoja. Mtumwa wa mjini aliyeruhusiwa kutafuta kazi ya kutwa kwa watu wengine, akamletea bwana wake sehemu ya ujira, ndiye aliyetuachia neno kibarua, kutokana na ile karatasi ndogo ya kuhesabia siku zake. Wanafunzi wetu husema "nimepata kibarua" kila likizo bila kujua wanamwita nani.

Kufu

Neno linalofungua mlango wa historia hii si mtumwa. Ni kufu. Katika sheria ya Kiislamu ya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani, mume anatarajiwa kuwa kufu ya mke, yaani kulingana naye, na nasaba na uhuru ni miongoni mwa mambo yanayotazamwa. Walii wa mwanamke anaweza kuikataa posa ya asiye kufu. Katika fikihi hili ni sharti la kumlinda mwanamke, na yeye pamoja na walii wake wanaweza kulisamehe. Katika mji mdogo lilifanywa ukuta. Mwanamume wa daraja ya juu aliweza kuoa chini yake au kuchukua suria. Binti wa daraja ya juu hakuolewa na aliye chini yake hata mtu huyo awe na elimu na mali kiasi gani. Damu ilishuka kwa upande wa wanaume na haikuruhusiwa kupanda kwa upande wa wanawake.

Hapa sheria yenyewe ilikuwa na huruma kuliko mji. Suria aliyemzalia bwana wake hauzwi tena, na bwana akifa yeye huwa huru. Mtoto wake, maadamu baba amemkiri, ni huru tangu kuzaliwa na anarithi sawasawa na ndugu zake waliozaliwa na mke wa ndoa. Kauli ya baba ndiyo iliyokata shauri. Mtoto asiyekiriwa alifuata hali ya mama yake, akawa mtumwa katika nyumba ambayo ndugu zake wa damu ni mabwana. Fikiria watoto wawili wa baba mmoja, wakikua katika ua mmoja, mmoja akimwita mwenziwe "bwana mdogo", na kila mtu mzima pale ndani anajua. Mtunzi wa riwaya akiyaandika haya tutasema ametia chumvi.

Lakini si kila nyumba iliyomwonea haya suria. Seyyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856, watoto aliowaacha walikuwa wamezaliwa na masuria. Mama yake Barghash alikuwa Mhabeshi, na Salme, ambaye baadaye aliandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani, mama yake alikuwa Mcherkesi. Hakuna aliyethubutu kuwaambia hawa kwamba hawana nasaba. Juu kabisa, mama mtumwa hakuwa doa. Chini kabisa hakuwa siri, kwa kuwa kila mtu alikuwa naye. Siri ilikuwa maradhi ya nyumba za katikati, zile zilizokuwa na cha kupoteza na zisizokuwa na nguvu za kuunyamazisha mji. Wahakiki wetu wanaogawanya wahusika katika tabaka mbili tu, la juu na la chini, wanaikosa sehemu hii ambayo ndiyo yenye wasiwasi mwingi, na kwa hivyo ndiyo yenye hadithi nyingi.

Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1976, ilisomwa sana nchini mwetu kama riwaya ya dhuluma ya ardhi. Ni hivyo kweli. Hata hivyo dhuluma hiyo inaanzia kwenye rangi ya mtoto mchanga, na minong'ono ya watu wazima waliomtazama wakatia shaka. Rehema hakufanya kosa lolote. Alizaliwa akiwa ushahidi.

Siri inazaliwa baada ya uhuru

Ninakuja sasa kwenye hoja ambayo naomba mwalimu mwenzangu aitafakari polepole. Wakati wa utumwa wenyewe siri ya nasaba haikuwa kubwa. Mtumwa alijulikana. Jina lake lilimtaja: Juma kwa siku aliyozaliwa au kununuliwa, Mabruki, Feruzi, Faida, Majaliwa. Mavazi yalimtaja pia, na mahali alipokaa msikitini au harusini. Mwenye kujulikana hana siri. Sheria ndiyo iliyoleta haja ya kuficha.

Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 ulipiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kulifunga soko la Unguja. Mwaka 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ilikomeshwa Unguja na Pemba. Katika pwani ya Kenya mambo yalingoja miaka 10 zaidi, na ilipofika 1907 serikali ilikubali kuwalipa mabwana fidia. Aliyekuwa mtumwa hakulipwa kitu. Mwaka uliofuata, 1908, ikatungwa sheria ya hatimiliki za ardhi ya pwani, iliyomtaka kila mwenye kudai shamba alete ushahidi wa umiliki wake. Ukoo wa bwana ulikuwa na hati, mashahidi na jina. Aliyelima alikuwa na jembe. Ndivyo mtu aliyekuwa mtumwa mwaka 1906 alivyogeuka kuwa skwota miaka michache baadaye katika shamba lilelile. Mwanahistoria Frederick Cooper aliyaeleza mageuzi haya kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1980, na ni vigumu kuelewa malalamiko ya ardhi ya pwani hadi leo bila kuyajua.

Sasa nasaba ikawa na bei. Katika sheria ya mirathi, bwana aliyemwacha huru mtumwa hubaki na uhusiano naye uitwao walaa, na aliyeachwa huru akifa bila jamaa wa kumrithi, bwana au ukoo wake huweza kurithi. Kwa hiyo mjane maskini wa Langoni aliyejenga kijumba chake kwa kuuza vitumbua alikuwa na sababu nzito ya kutotaka itajwe kwamba bibi yake alikuwa wa nyumba fulani. Utawala wa Waingereza nao ukaongeza yake. Uligawa watu katika wenyeji na wasio wenyeji, na mgawanyo huo ukaamua kodi, mahakama na, kuanzia miaka ya 1920, haki ya kupiga kura katika orodha ya Waarabu. Mombasa, watu wa Thenashara Taifa walipigania kwa miaka mingi wasihesabiwe pamoja na wenyeji. Katika hali kama hiyo nani angekuwa mjinga wa kumtaja nyanya aliyetoka Nyasa?

Hata neno Mswahili liliumia. Walioachwa huru walilichukua kwa kuwa lilikuwa wazi kwao: mtu wa pwani, Mwislamu, mwenye lugha hii. Kwa sababu hiyohiyo waungwana wakalikimbia. Unguja, idadi ya waliojiandikisha kuwa Waswahili iliporomoka baina ya sensa ya 1924 na ile ya 1931, wala hapakutokea tauni. Watu walibadilisha jina la kabila. Sisi walimu wa Kiswahili tungefaa kukumbuka kwamba jina la lugha yetu liliwahi kuwa jina ambalo watu waliona haya kuitwa.

Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba karibu mwaka 1880 na wazazi wa asili ya utumwa, alipewa jina la Mtumwa. Siti, yaani bibi mwenye heshima, ni jina alilolipata ukubwani, na kwa jina hilo ndipo alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Watoto wetu wanalijua jina la pili. Ningependa wajue lile la kwanza, si kwa ajili ya kumshusha, bali wapate kupima urefu wa njia aliyopita.

Wanawake waliotunza siri

Siri hizi hazikuandikwa. Zilikaa kwa wanawake, na hasa kwa makungwi. Mwari alipofundwa, aliyemfunda na kumwingiza katika mambo ya ndoa mara nyingi alikuwa mwanamke wa kizazi cha watumwa wa ukoo ule ule. Hivyo basi mwanamke ambaye hakuwa kufu ya yeyote pale nyumbani ndiye aliyejua lini bibi harusi aliota matiti, mama yake alizaa vipi, na ni jina gani lililorukwa wakati nasaba iliposomwa. Sarah Mirza na Margaret Strobel waliwarekodi wanawake watatu wa Mombasa wakisimulia maisha yao, na masimulizi hayo yalichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili baadaye. Mmoja wao, Mishi wa Abdala, alitoka katika kizazi cha watumwa na alikuwa kungwi. Mwingine, Kaje wa Mwenye Matano, alitoka upande wa wenye watumwa. Mwalimu anayetafuta nathari ya Kiswahili yenye sauti ya kweli ya kina mama asiyapite masimulizi haya.

Nguvu ya kungwi ilikuwa katika kutosema. Siku ambayo angesema, nyumba ingeaibika, lakini yeye naye angepoteza nafasi yake, posho yake ya harusi na kilo zake za mchele wa sikukuu. Kila upande ulimshika mwenziwe pumzi. Mwandishi Said Ahmed Mohamed, katika Utengano, aliliona hili vizuri: mwanamume anayewafungia wakeze na bintiye ndani kwa jina la heshima, kisha heshima hiyo inaporomoshwa na wanawake wanaoyajua ya nyuma. Tumezoea kuisoma riwaya hiyo kama hukumu ya maadili ya mtu mmoja. Ukiisoma pamoja na historia ya nyumba za mawe, ile nyumba kubwa yenye milango iliyofungwa huwa na mizizi mirefu zaidi.

Langoni

Si wote waliouheshimu ukuta. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 alifika Lamu kijana kutoka Ngazija, Sharifu Swaleh bin Alwy Jamalilleyl, anayejulikana kwa jina la Habib Swaleh. Nasaba yake ilikuwa ya juu kuliko ya waungwana wengi, kwa kuwa sharifu huhesabiwa katika kizazi cha Mtume. Angeweza kukaa Mkomani akabusiwa mkono. Yeye akakaa na watu wa Langoni, akawasomesha watumwa na waliokuwa watumwa elimu ya dini ambayo hapo awali ilizungukia katika nyumba chache, akawaruhusu wapige matari katika maulidi. Wazee wa mji walikasirika. Msikiti wa Riyadha aliouanzisha ukawa chuo kilichojulikana Afrika Mashariki nzima, na maulidi yake huvuta wageni kila mwaka. Alifariki mwaka 1935. Mwanaanthropolojia Abdul Hamid el-Zein alikiandika kisa hiki katika kitabu cha mwaka 1974, na alionyesha jambo moja ambalo mimi hulipenda: ubaguzi wa nasaba ulivunjwa nguvu na mwenye nasaba. Wasiokuwa nayo walikuwa wamesema hayohayo kwa vizazi vingi na hawakusikizwa.

Upande wa pili wa pwani, katika mtaa wa Frere Town karibu na Mombasa, mambo yalikwenda kinyume. Kijiji hicho kilianzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa Kianglikana kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Hapo hapakuwa na siri, kwa sababu jirani yako naye alikuwa na kisa kama chako. Hapo ndipo alipotoka James Mbotela, aliyeandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka 1934. Wahakiki wamemlaumu kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini tuulize pia: ni nani mwingine katika pwani nzima, mwaka 1934, aliyeweza kuandika kwa jina lake halisi kwamba baba yangu alikuwa mtumwa? Lamu ilikuwa na washairi hodari kumshinda Mbotela mara 10. Hakuna aliyeandika. Kutoka katika ukoo huo wa Frere Town alitoka pia mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, ambaye kwa miongo mingi kuanzia 1966 aliiuliza nchi nzima redioni, "Je, Huu ni Ungwana?" Neno ungwana lilipokuwa changa lilimaanisha, kabla ya adabu yoyote, hali ya kutokuwa mtumwa. Sijui msamiati mwingine wa Kiswahili uliolipizwa kisasi kwa upole namna hiyo.

Liyongo na Saada

Turudi kwenye darasa. Utenzi wa Liyongo ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, miaka sita tu baada ya utumwa kukomeshwa, husomwa kama utenzi wa shujaa. Mimi naomba usomwe pia kama utenzi wa siri ya nyumba. Liyongo yuko gerezani Pate. Chakula kizuri anacholetewa na mama yake huliwa na walinzi. Anampa kijakazi Saada ujumbe kwa mafumbo, na mama anaoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Walinzi wanaukejeli mkate ule na kumwachia apite nao. Walimu wengi huisifu akili ya mama, na baadhi yetu huisifu akili ya Liyongo. Tusisahau dharau ya walinzi. Waliona wishwa mkononi mwa kijakazi na hawakuona sababu ya kutazama mara ya pili. Ubaguzi wao ndio uliofungua gereza.

Kisha tazama anayemuua. Siri ya mwili wa Liyongo, kwamba ataangamizwa na sindano ya shaba kitovuni, haitolewi na kijakazi ambaye Mwana Kupona angemwonya bintiye asitangamane naye. Inatolewa na mwanawe wa damu. Na chambo alichowekewa ni kipi? Cheo, na kumwoa binti wa mfalme. Kijana aliahidiwa kufu. Saada alikuwa na ufunguo wa gereza mkononi na hakusema. Mwana alikuwa na nasaba nzima mdomoni na akaiuza. Kijumwa alikuwa mtu wa Lamu na aliujua mji wake. Siwezi kuthibitisha kwamba alikusudia ulinganisho huu, lakini upo katika matendo ya wahusika na mwanafunzi anaweza kuutetea kwa hoja katika mtihani.

Kosa langu

Nimesema mwalimu wa fasihi anaihitaji historia hii. Nami niliihitaji kabla sijaipata. Nilipokuwa nikifundisha katika mji mmoja wa pwani, niliwapa kidato cha pili zoezi la kuchora mti wa nasaba, kila mmoja wa ukoo wake, vizazi vingi kadiri awezavyo. Lilikuwa zoezi la kawaida la fasihi simulizi. Msichana mmoja aliyekuwa hodari alileta upande wa baba vizazi saba, kwa mwandiko mzuri. Upande wa mama ulikuwa na jina moja, la nyanya yake, na juu ya jina hilo karatasi ilikuwa tupu. Nilimpa alama 5 kati ya 10 na kuandika kwa wino mwekundu: Haijakamilika.

Keshoye asubuhi nyanya alikuja shuleni, amevaa buibui la zamani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akakataa kiti.

"Mwalimu," akasema, "mtoto ameandika yote ayajuayo. Asiyoyajua nimemficha mimi. Basi hizo alama nikate mimi."

Nikamwambia sikuwa na nia mbaya, lilikuwa somo tu.

"Najua, mwanangu. Hata waliotuandika zamani walikuwa na daftari tu."

Nilimrudishia mtoto alama zake mbele ya nyanya. Wino mwekundu haukufutika. Nililipasua lile ukurasa na kumwomba binti anakili upya, naye akanakili, vizazi saba upande mmoja na jina moja upande wa pili, vilevile.

Tangu hapo silitoi tena zoezi lile. Mwalimu hana haki ya kumtaka mtoto atoe hadharani kile ambacho ukoo wake umekitunza kwa miaka 100, hata kama yeye mwalimu anaamini kwamba ukimya ule unaendeleza ubaguzi. Mimi ninaamini unauendeleza. Bado posa hukataliwa kwa sababu ambazo hazisemwi kwa sauti, na anayekataliwa hurudi nyumbani kumuuliza mama swali ambalo mama halijibu. Lakini kulijibu si kazi ya daftari la shule. Kazi yetu ni kufanya historia ya jumla ijulikane vizuri kiasi kwamba atakayetaka kusema asiwe wa kwanza kusema, na aliyenyamaza asihukumiwe kwa kunyamaza.

Badala yake huwapa wanafunzi zoezi la Saada. Nawauliza: alitoka wapi, nani alimzaa, jina hilo alipewa na nani, na Liyongo alipokufa amepiga goti kisimani, mji mzima ukiogopa kuteka maji na mama yake akiletwa kumbembeleza, yeye Saada alikuwa wapi? Utenzi haumtaji pale. Wanafunzi hupewa ukurasa mzima kujibu, na wasiopata la kuandika nimewaruhusu waache patupu bila kukatwa alama.